Magoti ya Joash Motari

Ndugu yangu Joash Motari alizikwa Jumapili hapa Sindo, kwenye kiwanja alichonunua mwenyewe karibu na ziwa. Wasifu wake niliusoma mimi, dada yake, na sikuachwa niumalize. Kuna waliozima kipaza sauti, kuna walioinuka wakaondoka, na kuna walioeneza habari mpaka soko la Mbita kwamba nilipandwa na wazimu kando ya jeneza. Kwa hiyo nauandika hapa wote, kwa wale waliosikia nusu na kwa wale waliosikia uongo. Mimi ni Milka. Nimeolewa Migori, nashona nguo, nashika Sabato tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na sina wazimu.

Joash alizaliwa kwetu Kisii, kwenye mvua na migomba. Baba yetu, Mzee Mayaka, alikuwa akiteremka na ndizi kuja ziwani na kupanda na omena, wale dagaa wa ziwani, akateremka na kupanda hadi siku moja akachoka kupanda. Akatuleta sote Sindo. Watoto wa hapa walituita "Kisii" kana kwamba ni tusi. Joash alijifunza Kijaluo kwa haraka, na sababu yake haikuwa ya upendo: alitaka kuwarudishia matusi kwa lugha yao. Baadaye hao hao ndio waliokuwa marafiki zake.

Alipomaliza darasa la nane alikataa kuendelea. Alisema kichwa cha sekondari ni changu mimi, si chake. Akabeba magunia ya omena ufukweni ili mimi nivae sketi ya shule. Nilifika kidato cha nne kwa mgongo wake, na ninapoandika Kiswahili hiki bila kumwomba mtu msaada, nataka ijulikane ni nani aliyekilipia.

Kisha wakaja watafiti Rusinga. Walitaka watu wa kubeba maji na kuchekecha mchanga. Joash akavuka kwenda kubeba maji. Wiki hiyo hiyo aliona kitu kinang'aa kwenye mteremko, akaweka ndoo chini, akakiokota. Lilikuwa jino, zito kama jiwe, kwa sababu lilikuwa limegeuka jiwe. Hakubeba maji tena. Tangu siku hiyo hadi mwaka huu moyo wake uliposimama ghafla, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kutafuta mifupa ya kale, Rusinga kwanza, halafu upande ule wa rasi ya Homa ambako ardhi inatoa mawe yaliyochongwa na mikono. Wajaluo walimpa jina la Jachogo, mtu wa mfupa. Alilipenda.

Kazi yenyewe niliiona mara moja kwa macho yangu, na lazima niieleze, kwa sababu aibu yote ya msiba huu imetoka hapo. Mvua kubwa ikiisha, maji yanakuwa yameosha udongo wa juu na kuacha vitu vidogo vidogo vikichungulia. Wafanyakazi wanajipanga bega kwa bega chini ya mteremko, wanapiga magoti, wanaanza kutambaa kupanda, macho karibu yaguse ardhi. Anayeona kipande anachomeka kibendera na kuendelea. Hakuna kuruka mahali, hakuna kusimama kunyoosha mgongo hovyo, kwa sababu ukisimama mstari unaharibika. Wanatambaa hivyo asubuhi nzima juu ya changarawe iliyo moto. Wenzake walivaa vifuniko vya mpira magotini. Joash alipewa vyake, akavivaa siku moja, akavirudisha.

"Vinanifanya kipofu," aliniambia. "Jino dogo linanichoma goti kabla jicho halijaliona."

Basi magoti yake yakaota sugu. Akija kututembelea Migori aliketi kwenye baraza yangu na kaptura, akiyapiga kwa viganja kama ngoma. "Hivi ndivyo viatu vyangu vya kazi," alisema. "Havinunuliwi, havishonwi."

Nilimwuliza maswali mengi kwenye baraza ile, na mengine niliuliza kwa hofu. Aliniambia Rusinga ilikuwa msitu chini ya mlima wa moto, na kwamba kwenye miti ile aliishi mnyama kama nyani lakini asiye na mkia. Hiyo ilikuwa zamani ambayo hata kuitamka ni kazi, miaka milioni kumi na nane. Kwamba baadaye sana, upande wa Homa, walikuwepo viumbe waliotembea kwa miguu miwili, waliovunja mawe kupata makali na kumkata kiboko nyama, na alama za makali hayo bado ziko kwenye mifupa ya kiboko.

"Sasa unataka kuniambia nyani alizaa mtu?" nilimwuliza.

"Watu wanafikiri tunasema Jumatatu nyani alizaa, Jumanne mtoto akavaa suruali." Alicheka. "Milka, bibi yetu aliongea Kikisii gani?"

"Cha milimani. Hata mimi kuna maneno sikuyaelewa."

"Na watoto wa hapa wanaongea gani?"

"Takataka tupu. Kikisii, Kijaluo, Sheng, vyote sufuria moja."

"Ndiyo. Na kuna siku yoyote ambayo mama aliamka akashindwa kuelewana na mtoto aliyemzaa? Hakuna. Lakini bibi akifufuka leo hatamwelewa mtoto wa jirani. Ni polepole hivyo. Mwili nao ni hivyo."

"Na Adamu je?"

"Adamu bado sijampata. Nikimpata nitakupigia simu."

Nilimtupia kitambaa nilichokuwa nashona. Mimi sikukubali yote aliyosema, na hata leo sijui Mungu alihesabuje siku zake. Lakini nilimwona ndugu yangu akiomba kabla ya kula, nikamwona akigawa nusu ya samaki wake kwa watu waliomsema. Nilijua anaamini. Yeye mwenyewe alisema, "Mimi natafuta tu, situngi. Nikikuta, nimekuta. Aliyeviweka pale si mimi."

Kanisa letu la Sindo sitalitaja kwa jina. Walio ndani yake wanajijua. Joash alikuwa shemasi pale, na siku moja katika darasa la watoto mtoto mmoja alimwuliza mawe ya Rusinga yana umri gani. Akamjibu alichojua. Mtoto akaenda kusema nyumbani. Mzee wa kanisa, Barnabas Omanga, mwenye duka la mbao, Mkisii mwenzetu aliyekula kwa mama yetu wakati hana hata kitanda, alimwita Joash mbele ya watu akamwambia achague, mifupa au ushemasi. Joash akasema hajaona mahali kwenye Maandiko palipokataza kuokota mfupa. Akavuliwa ushemasi. Watu walidhani atahama kanisa. Hakuhama. Kila Sabato alikuja na mke wake Nyamusi, akaketi kwenye benchi la mwisho mlangoni.

Na kuna jambo lingine. Wakati wa maombi, kanisa zima likipiga magoti, Joash alisimama. Alikuwa ametambaa asubuhi nzima juu ya changarawe, wiki baada ya wiki. Magoti yale yakigusa sementi yalimwuma mpaka machozi. Aliomba akiwa wima, kichwa ameinamisha. Barnabas alihubiri juu ya jambo hilo zaidi ya mara moja. Hakumtaja, lakini kila shingo iligeuka kutazama mlangoni. "Kuna watu," alisema, "wenye kiburi cha elimu ya dunia, hata magoti yao hayajui kukunjika mbele za Muumba." Nyamusi alilia njia nzima kurudi nyumbani. Joash alimwambia, "Acha aseme. Mungu anajua nilikoyakunjia."

Sasa njooni tuone alichofanya Barnabas huyo huyo.

Ijumaa tulikwenda mochari Homa Bay kumvalisha Joash. Wanawake tulibaki nje na suti. Waliingia kwanza wanaume wa kanisa kumwosha, Barnabas mbele. Baada ya muda akatoka peke yake, amevua miwani, machozi yanamtiririka. Akanishika mikono yote miwili.

"Milka, dada yangu," akasema, "tulimdhania vibaya. Ndugu yako alikuwa mtu wa maombi."

Sikuelewa. Nilidhani amepatwa na majuto, nikamheshimu kwa hilo. Nikamshukuru! Nikikumbuka nilivyomshukuru nataka kutema mate.

Kesho yake, Sabato, kanisa lilijaa kwa sababu ya msiba. Barnabas akapanda mimbarani na kutangaza kwamba amemwona marehemu kwa macho yake, na kwamba magoti yake yana sugu nene nyeusi, kama ya ngamia. "Sugu za namna hiyo," akasema, "haziji kwa maombi ya wiki moja. Ndugu yetu alitubu. Alitubu kwa siri, akaacha mambo yale ya mifupa moyoni mwake, akakesha magotini akilia kwa Bwana, na Bwana akamficha hadi kifo chake kitoe ushuhuda." Watu wakaitikia amina. Mama mmoja akaanza wimbo. Nilikaa pale kama nimemwagiwa maji baridi. Mtu aliyemwita mwenye kiburi kwa kutopiga magoti, leo anamwita mtakatifu kwa magoti yale yale, na mara zote mbili hakuuliza. Angemwuliza mke wake, ambaye alikuwa benchi la pili. Angeniuliza mimi. Angemwuliza mvuvi yeyote pale ufukweni, angeambiwa.

Joash aliwahi kunieleza kwamba goti ni mfupa wanaoutafuta sana, kwa sababu ukilipata goti unajua kama kiumbe kilitembea wima au kilipanda miti. Nikamwuliza kama mtu akichimbuliwa naye, wataweza kujua alikuwa Mkristo. "Mfupa hausemi mtu aliomba nini," akasema. "Unasema tu mwili ulifanya kazi gani. Anayesema zaidi ya hapo anatunga." Barnabas alikuwa anatunga, mbele ya kanisa zima, juu ya mwili wa ndugu yangu.

Tulipofika nyumbani nilimwambia Nyamusi kwamba kesho nitasema ukweli kwenye wasifu. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Wifi, usithubutu."

"Wanamzika mtu mwingine, Nyamusi. Wanamzika mtu aliyeacha kazi yake. Joash aliacha?"

"Hakuacha."

"Alitubu?"

"Atubu nini? Lakini sikiliza. Wewe kesho kutwa unapanda gari unarudi Migori. Una mume, una watoto, una cherehani. Mimi Mungu hakunipa mtoto. Nitabaki hapa na nani? Hawa mama wa kanisa ndio watakaoniletea maji nikiugua. Leo ndiyo mara ya kwanza tangu avuliwe ushemasi wananishika mkono kama mtu. Wacha wamzike na magoti yao! Joash angekuwa hai angecheka."

"Angecheka, halafu angesema si kweli."

"Basi afufuke aseme yeye."

Alikuwa na haki, na nasema hivyo hata sasa. Jioni ile alikuja Dishon, Mjaluo aliyetambaa bega kwa bega na Joash tangu mwanzo. Barnabas alikuwa amemtumia ujumbe kwamba watu wa kule machimboni wanakaribishwa kuhudhuria lakini hawatapewa nafasi ya kuzungumza. Dishon hakukasirika. Aliniita binti wa Kisii kwa lugha yake: "Nyar Kisii, sisi tumezoea. Tutakaa nyuma." Hiyo ndiyo iliyonikata maini. Watu wazima, waliofanya kazi halali juani, wamezoea kukaa nyuma.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, Barnabas alinijia kwa upole wa mtu aliyekwisha kupanga.

"Kwenye kazi yake, dada, utasema alikuwa mkulima."

"Hakuwahi kuwa na shamba, mzee. Alikuwa na kiwanja na kuku."

"Sema basi alifanya vibarua. Si uongo."

"Na magoti?"

"Hayo niachie mimi. Ndiyo mahubiri yangu."

Nilimtazama Nyamusi. Alikuwa ameketi kando ya jeneza, leso imefunika mdomo, macho kwangu. Alitikisa kichwa mara moja. Nilimwelewa vizuri sana.

Nilianza kusoma. Alipozaliwa, wazazi wake, Sindo, omena, sketi yangu ya shule. Watu walilia mahali pa kulia. Nikafika kwenye kazi, na sikuweza. Mdomo ulikataa kusema kibarua. Nikasema, "Ndugu yangu alikuwa mtafuta mifupa ya kale. Aliifanya kazi hiyo mpaka wiki aliyokufa. Hakuiacha na hakuitubia, kwa sababu haikuwa dhambi. Magoti mliyotangaziwa jana kanisani yaliota sugu kwa kutambaa kwenye mawe ya Rusinga. Wenzake wako pale nyuma, watazameni magoti yao. Kuomba, aliomba akiwa amesimama, kwa sababu magoti hayo yalimwuma. Ninyi mlimwona akisimama. Mlimcheka."

Arasa, kijana wa mitambo, alitazama mkono wa Barnabas, na kipaza sauti kikazima. Nikapaza sauti yangu. Mimi nimekulia sokoni, siwezi kushindwa na waya.

"Aliamini Mungu ameumba! Aliamini Mungu hana haraka kama sisi! Kama kuna mtu hapa anajua kosa lingine la Joash, aliiba, alilala na mke wa mtu, alidhulumu, aseme sasa mbele ya jeneza!"

Hakuna aliyesema. Barnabas akasimama. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo lilinichoma kuliko kama angepiga kelele.

"Nilikuwa nimempa marehemu heshima," akasema. "Dada yake amemvua. Kama hakutubu, kanisa halina mtu wa kuzika hapa."

Akageuka. Kwaya ikatazamana, kisha ikaanza kukusanya vitabu vya nyimbo kutoka kwenye viti, na benchi za mbele zikainuka moja moja. Si wote. Lakini wengi. Mnajijua. Mlipita kando ya jeneza la mtu aliyewabebea wagonjwa wenu usiku na mchana, mkatazama chini kama mmeona uchafu. Na nikiulizwa ni nani aliyemvua Joash utu siku ile, nitaonyesha zile benchi tupu.

Tukabaki na kaburi wazi na hakuna wa kuomba. Dishon ni Mkatoliki. Alinong'ona kwamba anaweza kusali sala yao ikiwa mjane anakubali. Nilimgeukia Nyamusi. Sijawahi kutazamwa namna ile na mtu ninayempenda. Alinyanyuka taratibu akakunja leso.

"Hapana," akamwambia Dishon. "Asante, shemeji. Mke wake nipo."

Akasogea ukingoni mwa kaburi, akabaki amesimama wima kabisa na kuinamisha kichwa. Alisema, "Bwana, huyu ni Joash. Unamjua. Mimi nilitaka wamzike vizuri, nikakubali wamtungie uongo, na wameondoka hata hivyo. Nimekasirika. Nimewakasirikia wao, nimemkasirikia wifi yangu, na yeye Joash nimemkasirikia kwa kufa. Kazi aliyofanya wewe uliiona kila siku. Mpokee na kazi yake. Amina."

Watu wa Rusinga ndio waliomteremsha na ndio waliofukia. Wanajua kushika koleo. Walipomaliza walisawazisha udongo kwa viganja, polepole, kama walivyozoea, na hapo ndipo nililia.

Sikurudi Migori Jumatatu. Nilibaki kwa sababu hakuna mtu aliyekuja. Jumatatu tulikuwa wawili na vyombo vya kukodi. Jumanne mama mmoja wa kanisa alipitia uani na kilo mbili za unga chini ya kanga, akaomba tusimtaje. Sijamtaja. Jumatano akaja mwingine, huyu kwa mlango wa mbele, ametumwa. Barnabas anasema baraza la kanisa litakaa kuhusu ushirika wa Nyamusi. Lakini anasema pia kuna njia rahisi: Nyamusi aje Sabato, asimame, aseme wifi yake aliongea kwa kuchanganyikiwa na uchungu, na kwamba marehemu alikuwa mtu wa maombi ya siri. Yataisha hapo. Watamshika mkono kama zamani.

Nilikuwa nyuma ya mlango, na nilinyamaza. Nilikuwa nimeshasema sehemu yangu, na aliyekuwa analipa ni yeye. Kama angekubali, nisingemlaumu. Nilikuwa nimeshakusanya nguo zangu kwenye mfuko ili asione aibu kukubali mbele yangu.

Nyamusi alikuwa anasugua sufuria kubwa ya msiba. Hakuinua kichwa.

"Mwambie mzee wifi yangu hakuchanganyikiwa," akasema. "Mwambie mume wangu aliomba kwa kusimama, kila mtu alimwona, hakuna siri. Nitakuja Sabato. Nitakaa pale pale mlangoni alipokaa yeye, na wakitaka kunitoa waje wanitoe wakati wa maombi, watu wote wakitazama. Na kwaya irudishe vitabu vya nyimbo. Viwili ni vyangu."

Yule mama alitoka bila kuaga. Nikajitokeza, nikataka kumkumbatia Nyamusi. Akanizuia kwa mkono uliojaa majivu.

"Wewe bado sijakusamehe," akasema. "Chota maji, hii sufuria ni ya watu."

Nikaenda kuchota maji.